Madamu Béatha, Aliyetuagiza Udongo

Baada ya miaka thelathini na miezi michache ya utumishi, Bi. Béatha Mukandekezi, mkuu wa maabara ya magonjwa ya mimea katika Kituo chetu cha Utafiti wa Mboga hapa Kagarama, Kigali, anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba 1992. Aliingia kwenye lango hili Oktoba 1962, msichana aliyetoka moja kwa moja shule ya masista, mwembamba, mwenye haya, amebeba sanduku la mbao kichwani. Haya ilimtoka mapema. Anaondoka akiwa bibi wa wajukuu, mwenye nyumba yake Kibagabaga, na sauti ambayo ikiita kutoka maabara, mtu wa mwisho kule kwenye vitalu anasimamisha jembe.

Ukurasa wa Kifaransa wa jarida hili umeandikwa na mkurugenzi, wa Kinyarwanda na katibu wake, na huu wa Kiswahili umeniangukia mimi, Ismaël Sangwa wa stoo, kwa kosa la kuzaliwa Nyamirambo, mtaa wa Waswahili wa Kigali. Kiswahili ndiyo lugha ya vitalu vyetu tangu zamani, kwa sababu ya wenzetu waliotoka Burundi, Zaire na Kigoma. Madamu mwenyewe husema kwamba Kifaransa ni cha ripoti na Kiswahili ni cha kazi, kwa hiyo nadhani ukurasa huu atausoma kwanza.

Alianza kama msaidizi wa maabara, wakati maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza, darubini na dirisha lisilofungika. Baadaye kituo kilimpeleka Ubelgiji kusoma. Alirudi na diploma ya magonjwa ya mimea, na pia na tabia ya kumfukuza yeyote anayeingia maabarani bila kunawa mikono. Wenye vyeo nao hawakuachwa. Mgeni mmoja mkubwa alikuja siku moja na msafara wa magari, akanyoosha mkono amsalimie, na Madamu, badala ya kuupokea, akamwonyesha bomba. Bwana mkubwa akanawa, na msafara wake wote ukapanga foleni nyuma yake kusubiri sabuni. Mkurugenzi wa siku hizo hakupata usingizi wiki nzima, ila Madamu alilala vizuri tu.

Tusimpambe kupita kiasi, kwani aliwahi kukosea, tena hadharani. Mwaka 1974 alisimamia aina mpya ya nyanya isiyooza upesi. Haikuoza kweli, lakini ganda lake lilikuwa gumu mno. Nsabimana wa kitalu, ambaye bado tunaye, anakumbuka nyanya moja iliyoanguka kutoka kwenye lori, ikabiringika mteremko mzima wa Kagarama, na mtoto akamrudishia ikiwa salama salimini. Akina mama wa sokoni walizirudisha kwa matenga. Kila mfanyakazi mpya wa maabara husimuliwa kisa hicho na Madamu mwenyewe siku ya kwanza ya kazi, naye hucheka kuliko anayesimuliwa.

Lakini jina lake limeshikamana na pilipili. Kichekesho ni kwamba yeye hali pilipili kabisa. Tone moja tu likiingia kwenye maharage yake, machozi yanamtiririka, pua inawaka, na anaanza kuita maziwa. Libère, mpishi wetu kutoka Ngozi, Burundi, humwekea sahani yake mbali na za wengine. Watu wamemtania miaka yote kwamba daktari wa pilipili anaogopa mgonjwa wake.

Na mgonjwa huyo alikuwa hoi. Wanaolima pilipili bondeni Niboye wanaujua ugonjwa wenyewe bila kuambiwa. Mvua ikishanyesha vizuri na maji yakatuama, shina linaanza kuwa jeusi pale linapogusana na udongo. Asubuhi mmea umesimama, jioni majani yamelegea, na ukiung'oa unakuta mizizi imeoza. Anayefanya hivyo ni aina ya ukungu anayeishi udongoni na kuogelea kwenye maji, kwa hiyo mmea mmoja ukiugua, safu yote inafuata. Dawa ya shaba ilisaidia kidogo, lakini mvua iliiosha. Halafu Oktoba 1990 vita vikaanza kaskazini, barabara ya kwenda Mombasa ikafungwa, na hata hiyo dawa ya shaba ikawa ya kusikia tu.

Madamu alikuwa ameanza kutafuta njia nyingine mapema mwaka huohuo. Alitueleza siku moja tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha banda la miche, kwa maneno ambayo hata mimi wa stoo niliyaelewa. Udongoni kuna bakteria wengi, wadogo wasioonekana, na baadhi yao wanagombea chakula na ukungu. Wakigombana naye wanatoa kitu fulani cha kumfukuza. Yeye hakutaka kuwapeleka bakteria wenyewe shambani. Alitaka kuwafuga maabarani, awalishe vizuri, kisha achukue kile wanachokitoa na kukimwaga kwenye shina la pilipili. Kilichobaki ni kuwapata wale hodari.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ambayo wageni wanatushangaa nayo mpaka leo. Kila anayekwenda likizo hupewa kopo tupu la maziwa ya unga, na haruhusiwi kurudi bila udongo wa nyumbani kwao. Hatukusindikizwa tena kwa neno la safari njema, ila kwa kuulizwa kama kopo tumelisahau. Mashindano yakaanza. Kila mtu aliamini kilima cha kwao ndicho kitakachoponya pilipili za nchi. Valens wa ofisini alileta wa Kibuye, lakini alikuwa ameupepeta na kuuanika juani siku nzima kama unga wa mhogo ili asimletee Madamu uchafu, akaambiwa ameleta maiti. Libère alileta wa Ngozi, amefunga kopo kwa jani la mgomba kama zawadi ya harusi. Mimi nilileta wa Nyamirambo, nyuma ya nyumba ya baba yangu, wakanicheka kwamba sikupanda hata basi. Kwenye udongo wangu walipatikana funza watatu na kifungo cha shati.

Aliyeshinda ni Mutsinzi, dereva wetu. Kwao ni upande wa Byumba, kaskazini kabisa, karibu na mpaka. Alikwenda likizo ya Pasaka mwaka 1990, akarudi na kopo limejaa udongo mweusi unaovunjika vizuri vidoleni. Madamu aliuchanganya na maji, akautandaza kwenye visahani vya kioo, na baada ya siku kadhaa likaota doa dogo la kijivu, kavu kama limenyunyiziwa unga. Akalinusa. Hiyo ndiyo kazi yake hasa, kunusa visahani, na sote tumewahi kuitwa tunuse pamoja naye tukihofia mafua ya ajabu. Lile doa lilinukia kama ua wa nyumba baada ya mvua ya kwanza. Akapanda ukungu wa pilipili upande wa pili wa kisahani, na ukungu ukasambaa kote isipokuwa pale palipo na doa. Pakabaki duara safi ambalo haukuthubutu kuliingia.

Siku hiyo palichinjwa mbuzi. Bakteria akapewa jina la kilima cha akina Mutsinzi, na dawa yake, wakati hata haijawa dawa, tayari ilikuwa inaitwa maji ya Mutsinzi. Mutsinzi mwenyewe alikalishwa kiti cha wageni. Tulimwona hana raha, kilima chao kila kilipotajwa alikohoa, na nyama hakuimaliza. Tukasema jamani, kijana ana unyenyekevu.

Mwaka 1991 ulikwenda wote kwenye majaribio. Bakteria alilishwa uji mwembamba wa unga wa mtama na soya, ndani ya chupa zilizotikiswa usiku na mchana, kisha uji ukachujwa mpaka yakabaki maji ya manjano, yasiyo na kiumbe hata kimoja. Maji hayo ndiyo yaliyomwagwa kwenye shina. Hapa kituoni, miche iliyopata maji ilisimama na isiyopata ilianguka, na hukuhitaji darubini kuona tofauti. Sampuli ilipelekwa Ubelgiji, wataalamu wakathibitisha kwamba ndani yake mna kitu kinachozuia ukungu, wakakipa jina refu ambalo mkurugenzi peke yake huweza kulitamka bila kupumzika katikati.

Akina mama wa ushirika wa Niboye walikuja kuangalia. Kiongozi wao, Liliane, alichuchumaa, akafukua mizizi ya mche mmoja kwa kidole, akaitazama, akamwita mwenzake naye aitazame. Walikuwa wamepoteza misimu miwili mfululizo. Wakakubaliana na Madamu kwamba mvua za Septemba 1992 zikija, watapanda pilipili bonde lote na kila mche utapata maji yale. Liliane alisema wazi kwamba ikishindikana mara ya tatu, ushirika unavunjika na kila mmoja anatafuta njia yake. Wengine hawakuwa na shamba lingine. Kwa Madamu pia ulikuwa msimu wa mwisho, maana Desemba ndiyo ilikuwa mwisho wa kazi, na kama angeondoka bila kuwapa kitu akina mama hawa, alisema, afadhali asingeanza.

Juni mwaka huu tukapatwa na balaa. Umeme ulikatika kwa siku nyingi, na jenereta haikuwa na mafuta. Friji ya maabara ikapata joto. Kaliza, msaidizi wa Madamu, akahamishia chupa zote za bakteria kabatini, palipokuwa na ubaridi kidogo, jambo ambalo mtu yeyote angelifanya. Kumbe kabati lilikuwa na utitiri, wadudu wadogo kuliko chawa, na utitiri hutembea kutoka chupa moja hadi nyingine ukiwa umebeba ukungu miguuni. Umeme uliporudi, kila chupa ilikuwa imeota manyoya ya kijani. Kaliza alijaribu kumwokoa yule bakteria wa kijivu kwa kila njia aliyofundishwa. Hakupatikana.

Hatukuwa na akiba. Ubelgiji tulipeleka maji tu, mwenye kuyatengeneza hatukumpeleka. Udongo wenyewe ulikwisha zamani, kwa kuwa makopo yakishachukuliwa sampuli hurudi kwa Nsabimana, naye huyatumia kuoteshea miche. Stoo kwangu zilibaki chupa mbili za maji ya manjano, ambazo zisingetosha hata tuta moja la Niboye. Madamu hakumgombeza Kaliza. Alikaa mbele ya kabati lile mikono mapajani, kimya, na ule ukimya ulituogopesha kuliko kelele zake zote za sabuni.

Kesho yake alitangaza kwamba anakwenda kwa akina Mutsinzi kuchukua udongo mwingine.

Ni lazima msomaji akumbuke Juni na Julai zilikuwaje. Vita vilikuwa vimefika Byumba yenyewe. Watu walikuwa wanateremka kutoka huko na mikeka na watoto, na kilima alichokitaka Madamu kilikuwa ng'ambo ya mahali ambapo hata magari ya misaada yalikuwa yanarudi nyuma. Mkurugenzi alimkatalia. Akamkatalia tena. Madamu akatafuta mwenyewe ruhusa ya kusafiri, akaipata, sijui kwa kumnawisha nani mikono. Tulipomsihi asiende, alitujibu hivi: "Mimi natoka Desemba. Kama kuna mtu wa kupotea hapa, bora awe yule mliyekwisha kumshonea vazi la sherehe ya kuagwa." Tulicheka kidogo, kisha hatukucheka.

Dereva alikuwa Mutsinzi, kwa kuwa ndiye anayeijua njia na anakijua kilima. Aliambiwa, akasema ndiyo Madamu. Kuanzia hapo gari letu likapata magonjwa. Jumatatu tairi, Jumanne breki, Jumatano jino, na jino hilo lilikuwa la Mutsinzi mwenyewe. Tulimwelewa, au tulidhani tumemwelewa. Nani asingeogopa?

Asubuhi ya safari tulikusanyika langoni wote. Nilikuwa nimemfungia Madamu mikate na mayai ya kuchemsha. Alivaa viatu vya kutembelea milimani na koti la mumewe marehemu, na kopo lilikuwa mapajani mwake. Mutsinzi alikuwa anaosha kioo cha gari, akimaliza anaanza upya. Mkurugenzi alisimama pembeni akiangalia ardhi. Nakiri kwamba nilimwangalia Madamu kama mtu anayetaka kukariri uso.

Ndipo akatokea mwanamke mzee, anapanda mteremko akitokea Niboye, anakwenda haraka kuliko miguu yake inavyoweza, huku amemnyooshea Mutsinzi mkono tangu mbali. Alikuwa mama yake. Tulijua amekimbia vita na anaishi na mwanawe tangu Juni, ila hatukuwa tumeonana naye. Hakusalimia mtu. Alishika mlango wa gari upande wa Madamu, na kwa Kinyarwanda cha kwao cha haraka akasema, ninavyokumbuka: "Mama, teremka. Usiende kufa kwa ajili ya udongo ambao haukutoka kwangu. Huyu aliondoka nyumbani na kopo tupu. Niliumwaga mimi, kwa mikono hii, na kopo nikamrushia."

Kisha akaeleza, na mtu yeyote wa vilima vyetu angemwelewa. Pasaka ile alimkuta mwanawe anachimba nyuma ya nyumba na kujaza kopo. Alipouliza, akaambiwa kuna mama mmoja mkubwa Kigali anautaka. Sasa, kwao, na kwetu wengi, mtu asiyekujua akitaka udongo wa ua wako, hana nia ya kulima. Anataka kukuroga wewe na wanao. Mama mzee akaumwaga, akamwambia mwanawe amwambie huyo mrogi wake achimbe kwao. Jana yake jioni ndipo aliposikia kutoka kwa majirani kwamba huyo mrogi anakwenda vitani kuutafuta, na mwanawe ndiye anampeleka.

Sote tukamgeukia Mutsinzi. Kitambaa kilikuwa bado kiko kwenye kioo. "Madamu," alisema kwa Kiswahili chake, "mimi iko na kosa. Nilirudi bure. Niliona haya kukuambia mama anasema wewe unaroga. Ile udongo iko ya hapa. Nyuma ya jiko, pale Libère anamwaga majivu."

Miaka miwili tulikuwa tumekisifu kilima cha Byumba. Tulikuwa tumekula mbuzi kwa heshima yake. Wataalamu wa Ubelgiji walikuwa wameandika jina lake. Mkurugenzi alifungua mdomo, na kwa rangi ya uso wake Mutsinzi alikuwa amekwisha kufukuzwa, ila neno halijatoka tu. Madamu akamtangulia. Aliteremka, akakaa kwenye ngazi ya gari, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Upande wa ukuta, au upande wa bomba la maji machafu?"

"Upande wa bomba," alisema Mutsinzi.

Hapo Madamu alianza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka, akacheka akimshika mama mzee mikono yote miwili, na katikati ya kicheko ikaonekana wazi kwamba analia. Alikuwa ameogopa. Miaka thelathini tulikuwa hatujamwona akiogopa, na asubuhi ile nzima alikuwa ameogopa kama sisi, ila alikuwa amevaa koti juu yake. Alimwambia mama mzee kwamba angekuwa yeye, angeumwaga vilevile. Mimi nilikwenda nyuma ya stoo kwa shughuli zangu na macho yangu. Niliporudi, mikate ya safari ilikuwa inaliwa hapohapo langoni, na mama mzee ndiye alikuwa anaigawa.

Nani angedhani tungefurahi kusikia tumedanganywa? Tulifurahi sana. Tulikuwa na furaha ya watu waliorudishiwa mtu wao kabla hajaondoka.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikwenda kwa ulaini kuanzia hapo. Libère alikasirika, kwa sababu jalala lake lilichimbwa na watu wenye vijiko waliokuwa wanapiga magoti kwenye majivu wakati yeye anapika. Visahani vya kwanza havikutoa kitu. Vya pili vilitoa vitu vingi, ila si kile tulichokitafuta. Baadaye kidogo Libère, akiwa bado amenuna, ndipo alipokumbuka kusema kwamba jalala alilihamisha mwaka jana, kwa sababu moshi ulikuwa unaingia ofisini kwa Valens. La zamani lilikuwa hatua chache kushuka, chini ya bomba lenyewe, ambako sasa palikuwa pameota maboga. Madamu akamwomba radhi kwa ajili ya maboga kabla ya kuyang'oa. Akachukua udongo wa mizizi yake.

Mwanzoni mwa Agosti Kaliza alitoka maabarani mbio, bila kiatu kimoja, akituita. Kwenye kisahani palikuwa na doa la kijivu, kavu, na ukungu wa pilipili umelizunguka kwa mbali. Madamu alikifunua, akanusa, akampa Kaliza anuse, akampa Mutsinzi, na kisahani kikapita mkono kwa mkono mpaka kwa mkurugenzi. Kilinukia mvua. Mutsinzi alichuchumaa ukutani, akafunika uso kwa kofia, na hakuna aliyemtania siku hiyo.

Kuhusu adhabu yake, mkurugenzi alitaka onyo kali. Madamu aliomba badala yake Mutsinzi apewe kazi ya kuchimba shimo jipya la jalala, refu, ili lile la zamani lisiguswe tena na mtu. Alilichimba kwa wiki nzima na kwa moyo, mpaka tukalazimika kumsimamisha. Bakteria naye amebadilishiwa jina, sasa anaitwa Jikoni, na Wabelgiji wameandikiwa samahani. Kaliza, ambaye kuanzia Januari ndiye mkuu wa maabara, anamweka mahali patatu tofauti, na kabati lile limechomwa moto.

Maji ya manjano yalifika Niboye kabla ya mvua. Tulisaidia kumwagia sote, hata wa ofisini. Mvua za mwaka huu hazikuwa na huruma, na Madamu hakuficha kwamba matuta ya chini kabisa, yanayopakana na mto, yalikufa licha ya kupata maji yake. Mimea iliyokaa ndani ya bwawa, alisema, haisaidiki na dawa, inasaidiwa na mfereji. Lakini sehemu zilizobaki zilisimama. Oktoba zilisimama, Novemba zilitoa maua, na mwezi huu bonde lina wekundu ambao hatukuuona kwa muda mrefu. Liliane alipanda mpaka hapa na kapu kichwani kumshukuru Madamu, na kwa kuwa hajui maneno ya sherehe, alimwambia tu: "Mwaka huu nimechoka kuchuma." Madamu amesema hakuna medali atakayopewa itakayolifikia neno hilo. Kapu lenyewe tumekula sisi.

Sasa anakwenda Kibagabaga. Anasema atapanda karoti, kwa kuwa karoti hazimlizi mtu. Anasema atalala mpaka jua litoke, na kwamba yeyote atakayekuja kumwamsha kwa sababu ya kisahani ataonyeshwa bomba. Redioni tunasikia mazungumzo ya Arusha yanaendelea, na watu wameanza kusema labda, neno ambalo mwaka jana halikuwapo. Mama mzee wa Mutsinzi amekwisha kumwalika akamtembelee Byumba siku njia itakapofunguka, na Madamu ameitikia.

Kwa niaba ya vitalu, jikoni, gereji, ofisi na stoo, asante, Madamu. Asante kwa sabuni, kwa nyanya zilizogoma kuoza, kwa kutueleza vitu vigumu bila kutudharau. Asante kwa kumuuliza mwongo swali la maana badala ya kumfukuza, kwa sababu kila mmoja wetu siku hiyo alijua kwamba anaweza kukosea hapa na akabaki mtu.

Na niseme lililo moyoni, kisha nikae. Asubuhi ile ya Julai, nilipokuwa nafunga mikate, nilikuwa nimekwisha kuanza kutunga kichwani maneno ya kukuhusu, kwa kuwa nilijua kazi hiyo itaniangukia. Yalikuwa maneno ya kusomwa makaburini. Nilikuwa nimefika hata kwenye majina ya watoto wako. Leo nimekaa kuandika, na wewe uko ng'ambo ya ukuta huu, nakusikia unamgombeza mtu kwa ajili ya mikono yake, na sijawahi kufurahia kelele kiasi hiki. Ndiyo maana wasifu huu umekuwa mrefu, na sioni sababu ya kuukatisha upesi.

Nenda nyumbani kwa miguu yako mwenyewe, Madamu Béatha. Kula, lala, uzeeke taratibu.